Mabwawa ya Skyline

Wazee wa Daly City waliokuwa majirani zangu waliyataja mabwawa ya Skyline kama watu wanavyomtaja marehemu aliyekuwa mkarimu. Mimi nilizikuta nyumba tu. Mabwawa yale yalikaa juu ya ufa wa San Andreas, kusini mwa San Francisco, pale ardhi ilipobonyea ikakusanya maji. Humo aliishi nyoka-gata wa San Francisco, mwembamba, asiye na madhara kwa binadamu, mwenye mistari ya kijani-buluu, myeusi na myekundu.

Nyoka huyu hapatikani kwingine ila katika rasi ya San Francisco, California, na pembezoni mwake. Akiwa mkubwa hupendelea chura wa miguu myekundu. Akiwa mchanga mdomo wake ni mdogo, hivyo hutegemea vyura wadogo wa mitini, ambao huwavizia kwenye maji ya kina kifupi mara tu wanapoacha kuwa viluwiluwi. Bwawa likikauka mapema, viluwiluwi hufa, na nyoka wachanga hukosa riziki. Tena maji peke yake hayamtoshi. Anataka matete ya kujificha, ukingo wa kuota jua, na nyasi za nchi kavu zenye mashimo ya panya, ambamo hujihifadhi wakati wa baridi.

Chura huyo wa miguu myekundu alianza kuandamwa zamani. Baada ya mbio za dhahabu za 1849, watu wa San Francisco walimla kwa wingi. Alipoadimika, mwaka 1896 wakaletwa vyura wakubwa kutoka mashariki mwa Marekani, nao humeza vyura wenyeji na hata nyoka wachanga. Kisha ikaja miaka ya 1960, mabwawa yakafukiwa, nyumba zikajengwa.

Mwaka 1967 nyoka aliingizwa katika orodha ya kwanza ya wanyama wa Marekani walio hatarini kutoweka. Chura anayemlisha alisubiri hadi 1996. Miaka 29! Hilo ndilo linaloniuma: alilindwa mlaji, chakula chake kikaachwa.

Leo kundi kubwa la nyoka hawa limesalia katika ardhi iliyo kando ya uwanja wa ndege wa San Francisco, na huko Mori Point, Pacifica, yamechimbwa mabwawa mapya kwa ajili ya chura na nyoka pamoja. Ndivyo ilivyopasa kufanywa tangu mwanzo, wakati Skyline ingali na maji.