Kuku wa Choo Namba 9

Mwaka 1973 nilikuwa na miaka 17. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, sina pa kwenda, kazi yangu kufukuza ngedere kwenye mahindi ya baba huko kijijini, Muheza. Ndipo ikaja Mtu ni Afya, kampeni ya elimu ya afya kwa redio. Kila kikundi cha kusikiliza redio kilitakiwa kiwe na kiongozi anayejua kusoma, na wenzangu wengi waliojua kusoma walishakimbilia Tanga mjini. Nikachaguliwa. Sababu nyingine sikuwahi kuisikia.

Kwenye semina tuliambiwa kiongozi wa kikundi si mwalimu, kazi yake ni kuuliza na kuwaacha watu wazungumze. Niliitikia kwa kichwa. Siku ya kwanza, chini ya mwembe, redio tumeiweka juu ya kinu kilichopinduliwa, kipindi kilipokwisha nikasimama na fimbo. Nikawasomea habari za safura na kuhara, kisha nikamwamuru mjomba arudie niliyosema. Mjomba alikuwa balozi wa nyumba kumi. Akakumbuka ghafla kwamba mbuzi wake hawajafungwa.

Wiki iliyofuata walikuja wanne. Bibi mmoja akaniuliza taratibu, "Mjukuu wangu, choo umekisema vizuri. Cha kwenu kiko wapi?"

Cha kwetu kilikuwa shimo la kufika kiunoni nyuma ya migomba, makuti yake yameshaanguka.

Kesho yake nikaanza kuchimba. Juu udongo mwekundu mgumu, chini kichanga. Siku ya pili ukingo ukaporomoka ukanifukia hadi magotini. Siku ya tatu wakaja vijana wawili niliosoma nao, na ndoo na kamba ya mkonge, wakaanza kuvuta udongo bila kuniuliza kitu. Baada ya wiki kadhaa tulikuwa 11. Ukawa msaragambo wa vijana, kila Jumamosi nyumba moja, na kikundi cha redio nacho kikajaa tena.

Kwa mzee mmoja tulikwama. Alisema hawezi kuingia choo kimoja na mkwewe, mke wa mwanawe. Kitabu cha kampeni hakikuwa na neno juu ya hilo. Nilitaka kumwambia huo ni ushamba, nikajizuia, nikamuuliza yeye angependa iweje. Wazee wakabishana mpaka kipindi cha siku hiyo kikapita bila mtu kukisikiliza. Wakakubaliana yachimbwe mashimo mawili, milango isitazamane. Kwetu ilikuwa kazi mara mbili. Tukachimba.

Wiki 12 za kampeni zilipoisha, bwana afya akaja kuhesabu. Nilimtembeza kifua mbele, vyoo 14. Namba 9 kilikuwa cha mjomba, kizuri kuliko vyote, chenye mlango wa mbao. Bwana afya akaufungua. Kuku alikuwa ametamia mayai pembeni mwa tundu, akatukodolea macho kama tumevamia chumba chake.

Bwana afya akaandika 14. Nami nikanyamaza, ingawa nilijua na viwili vingine haviingii mtu. Ukimya ule unanikera hadi leo kuliko ile fimbo. Kampeni ilikuwa kubwa kweli, karibu watu milioni 2 nchi nzima walikaa kwenye vikundi, na sisemi haikufaa kitu, kwa maana vyoo 11 vilitumika. Lakini kila nikisoma hesabu za vyoo vilivyojengwa, namwona kuku yule.

Jioni ile nilikwenda kwa mjomba. Habari ya choo sikuigusa. Nilimwomba radhi kwa ajili ya siku ile ya mwembe, kwamba nilimsimamia na fimbo mbele ya watu wake. Alikaa kimya muda, anachokonoa kiko.

"Mayai yanaanguliwa Ijumaa," akasema. "Njoo unisaidie kuwahamisha vifaranga."