Hakimu wa Mambo Madogo



Methali ya Kiswahili husema: mwenye nguvu mpishe. Wazee waliitumia kumfundisha mtu busara ya kuepuka ugomvi, lakini katika barabara zetu imegeuka kuwa sheria. Kutoka Sake kupanda Mushaki hadi Masisi, na kwenye matope ya njia iendayo Walikale, lori humsukuma motari pembeni, motari humsukuma mwenye chukudu, na mwenye chukudu humfokea mama aliyebeba mihogo mgongoni. Kila mmoja ana mkubwa wake wa kumpisha. Mwezi huu tunapenda kutafakari pamoja nanyi juu ya mtu ambaye kazi yake ni kuikataa methali hiyo: hakimu anayeamua kesi za barabarani.

Nchini mwetu hakuna mahakama ya pekee kwa mambo ya barabara. Kanuni za barabara zimo katika sheria ya tarehe 30 Agosti 1978, na makosa mengi dhidi yake huletwa mbele ya Mahakama ya Amani, ambayo wengi huiita kwa Kifaransa tribunal de paix. Kwa sheria ya tarehe 11 Aprili 2013, mahakama hiyo husikiliza makosa ambayo adhabu yake haizidi kifungo cha miaka 5. Mtu aliyesababisha kifo kwa uzembe, bila kukusudia, hupewa na sheria yetu ya jinai kifungo cha miezi 3 hadi miaka 2. Maana yake ni kwamba hakimu yuleyule anayesikiliza kesi ya leseni iliyokosekana ndiye anayeweza kusikiliza kesi ya mtoto aliyekufa barabarani. Tunamwita hakimu wa mambo madogo, na kumbe maisha ya watu yamo mikononi mwake.

Anafikaje hapo? Husoma sheria katika chuo kikuu, hufanya mtihani wa kuingia katika kazi ya uhakimu, kisha huteuliwa na Rais wa Jamhuri kwa pendekezo la Baraza Kuu la Mahakimu. Mahakama ya Amani ndiyo ngazi ya kwanza ya kazi hiyo. Msimchanganye na wengine mnaokutana nao. Polisi wa roulage husimamisha chombo. Afisa wa polisi ya mahakama, yule OPJ, huandika PV. Parke hufuatilia mashtaka. Karani huandika yanayosemwa barazani. Hakimu peke yake ndiye mwenye kuamua, na Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inasema kwamba katika kazi yake yuko chini ya mamlaka ya sheria tu. Wala mwenye lori, wala chifu, wala mwenye cheo cha jeshi hana haki ya kumwamuru hukumu iweje.

Katiba hiyohiyo, katika kifungu cha 21, inataka kila hukumu iandikwe, iwe na sababu zake, na isomwe hadharani. Sisi tuliofundishwa kazi ya ualimu tunaelewa uzito wa agizo hilo. Alama nyekundu isiyo na maelezo haimfundishi mwanafunzi kitu. Humwacha akidhani kwamba mwalimu hampendi. Hukumu yenye sababu humwambia aliyeshindwa mahali alipokosea, na humwonyesha njia ya kukata rufaa akiona ameonewa.

Kwa miaka mingi tumeketi katika vikao vya jamaa baada ya ajali, kwa kuwa katekista huitwa pale palipo na machozi. Katika kimoja cha vikao hivyo, motari kijana alikuwa amemgonga mtoto aliyetoka kuteka maji. Wazee walizungumza mchana kutwa kwa hekima nyingi. Mbuzi na fedha vilitolewa, mikono ikashikana, nasi tulishukuru kwamba hakuna aliyelipiza kisasi. Ndipo mama wa mtoto, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, akauliza: “Lakini ni nani aliyekosa?” Hakuna aliyemjibu. Kikao kilikuwa kimetafuta amani, na amani ni jambo kubwa; ila swali la mama lilikuwa la namna nyingine. Alitaka mtu mwenye mamlaka, asiye wa upande wake wala wa upande wa pili, aseme mbele ya wote kilichotokea. Kazi hiyo ni ya hakimu. Hata kijana yule angeihitaji, maana hadi leo wako wanaomwita muuaji, na hakuna karatasi hata moja inayoeleza kama breki zilikatika au kama alikuwa akikimbia kupita kiasi.

Pasipo hakimu, barabara hujitafutia mahakimu wake. Mmoja ni kundi la watu wenye mawe. Mwingine ni mwenye bunduki kwenye baryeri. Wa tatu ni noti iliyokunjwa ndani ya kiganja. Sheria inamruhusu OPJ, kwa kosa linalostahili faini tu, kupendekeza amandi ya kumaliza jambo bila kesi. Lakini fedha hiyo ni ya hazina ya serikali, na lazima iwe na risiti. Ile isiyo na risiti ina jina lingine. Jueni pia kwamba mtu aliyekamatwa ana haki ya kuelezwa sababu katika lugha anayoielewa, na kwamba polisi hawawezi kumshika zaidi ya saa 48 bila kumfikisha mbele ya mamlaka ya mahakama inayohusika.

Hatusemi kwamba haya yote yanatimia kwetu. Walikale ndiyo teritware kubwa kuliko zote za Kivu Kaskazini, na shahidi hutembea siku nyingi kuifikia mahakama. Vita imewahamisha wananchi na mahakimu pia. Hali ya kuzingirwa ilipoanza tarehe 6 Mei 2021, kesi za jinai za raia zilipewa mahakama za kijeshi. Hata hivyo kifungu cha 61 cha Katiba kinasema kwamba haki ya kujitetea na haki ya kukata rufaa haziondolewi hata katika hali hiyo. Tuyakumbuke maneno hayo, kwa sababu haki iliyosahauliwa na mwenyewe hakuna atakayemdai mwingine airudishe.

Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 18, Yetro alimwona mkwewe Musa akihukumu watu tangu asubuhi hadi jioni. Akamshauri achague watu waaminifu wanaochukia rushwa, waamue yale madogo. Yetro hakuyadharau madogo: aliyatafutia watu bora.

Nasi tunawatafuta watu hao kati yenu. Wako wavulana na wasichana katika makundi yetu wanaomaliza shule ya sekondari na kuulizana wasome nini. Wengine mtaendesha pikipiki, wengine mtauza sokoni, na wote mtaitwa siku moja kuwa mashahidi. Katika mkutano wenu ujao, jadilianeni haya: ajali ya mwisho kijijini mwenu iliamuliwa na nani? Je, aliyegongwa na aliyegonga wote wawili walisikilizwa? Na ni nani kati yenu aliye tayari kusema alichokiona, hata kama mwenye kosa ndiye mwenye nguvu?