MAFUTA YA UPAKO NA MAFUTA YA INJINI

Leo nina neno kwa wewe mwenye pikipiki, iwe ya boda, ya kubeba maji au ya kwendea shambani tu. Na kama huna, soma hivyo hivyo, kwa sababu kesho utapanda ya mtu.

Mara kwa mara naletewa pikipiki kanisani ziombewe. Kuna mpya kutoka dukani Wote, kuna za mkopo kutoka Emali, na kuna zile ambazo zimepita mikono ya watu watano. Nafurahi sana. Mtu akikumbuka kumshukuru Mungu kabla ya kubeba abiria wa kwanza, hilo ni jambo jema. Lakini siku hizi nina utaratibu. Kabla sijafungua chupa ya mafuta ya upako, nachuchumaa kando ya gurudumu la nyuma na kusema, "Nionyeshe breki." Wengine hucheka, wengine hununa. Dada mmoja aliniuliza kama mimi bado ni pasta au nimekuwa inspekta wa magari.

Wacha nikueleze.

Tangu serikali iondoe kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, Ukambani yetu imebadilika. Mama wa ndani kabisa ya Mutomo akishikwa na uchungu usiku, anafika hospitalini. Maembe ya Makueni yanafika kwenye lami kabla ya kuharibika. Mimi mwenyewe nafikia matawi ya kanisa kule nyuma ya Kathonzweni ambako gari hukwama. Hii ni baraka, na tuseme Amina.

Na vijana wetu wamejifunza kuzitunza wenyewe. Pita Jumapili jioni utawakuta chini ya mwembe, gunia limetandazwa, spana zimepangwa, kabureta imefunguliwa inaoshwa. Usiidharau kazi hiyo. Soma Kutoka 31. Bezaleli hakuwa mhubiri, alikuwa fundi, na Biblia inasema Mungu alimjaza Roho wake ili mikono yake ijue kufanya kazi ya dhahabu, fedha na shaba. Kumbe Roho Mtakatifu anajua habari za vyuma!

Tena wanaziongezea mambo ya akili. Kijana wa milima ya Mbooni anaweka sproketi kubwa nyuma. Anapoteza mwendo kidogo, lakini pikipiki inapanda na mzigo bila kulia. Wa Kitui anachomelea keria ya kubebea mitungi ya maji. Mwingine anafunga gadi za chuma ili ikianguka isimvunje mguu. Hayo yote ni mazuri.

Shida ni pale tunapoongeza kinachoonekana na kuondoa kinacholinda. Keria inarefushwa mpaka mzigo unakaa nyuma ya gurudumu. Mitungi 6 ya lita 20 ni kilo 120 za maji. Uzito huo ukivuta nyuma, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, usukani unacheza, na breki ya mbele haina cha kushika. Taa za kuongeza zinafungwa nne, nyaya zinaunganishwa kwa tepu, fyuzi ikiungua inawekwa kipande cha waya, na juu yake kuna tangi la petroli. Filta ya hewa inatolewa ili injini ipumue, halafu vumbi letu jekundu linaingia ndani na kusaga ringi hadi pikipiki itoe moshi kama jiko la kuni. Bati linalofunika ekzosi linatolewa ili ionekane ya mashindano. Ukitaka kujua bei ya urembo huo, angalia kina mama wetu wangapi wana kovu la kuungua kwenye shavu la mguu wa kulia.

Sasa fungua Kumbukumbu la Torati 22:8. Mungu anawaambia Israeli kwamba mtu akijenga nyumba mpya, ajenge na ukingo kuzunguka dari, ili mtu asianguke kutoka juu na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Tafakari jambo hilo. Nyumba ni yako, pesa ni zako, jasho ni lako. Lakini Mungu anasema mgeni atakayepanda juu ni wake. Ukingo haumsaidii mwenye nyumba kujionyesha kwa majirani. Unamlinda mtu ambaye hata hajafika bado.

Pikipiki yako ni dari hiyo, na abiria wako ndiye mgeni.

Kuna kijana aliniletea pikipiki akiwa na bandeji mkononi. Alikuwa ameanguka mara mbili katika mwezi mmoja, zote kwenye mteremko. Ilikuwa pikipiki ya kupendeza: taa za buluu chini ya kiti, redio, honi kama ya lori. Akaniambia, "Pasta, hii si kawaida. Kuna mtu anaifuatilia." Nikamuuliza ni nani. Akamtaja shangazi yake, mjane anayeishi peke yake upande wa pili wa boma. Alisema alimwona akiigusa pikipiki asubuhi ya ajali ya kwanza. Ndugu zake walikuwa tayari wameitisha mkutano wa ukoo.

Mpendwa, wewe unaijua nchi yetu. Unajua mkutano wa namna hiyo unaweza kuishia wapi kwa mama mzee asiye na mtetezi.

Nikachuchumaa. Nati ya kukazia breki ya nyuma ilikuwa imefika mwisho wa nyuzi zake, na bado ukikanyaga pedali inazama. Maana yake ni kwamba breki imelika, imekwisha. Ya mbele, kebo ilikuwa imefunguliwa kabisa. Aliambiwa kwenye steji kwamba breki ya mbele humwangusha mtu, basi akaiondoa. Nikamwambia, "Kijana wangu, aliyekuangusha ni huyu hapa, na hahitaji kukemewa. Anahitaji spana."

Breki mpya alifunga siku hiyo hiyo, na pesa yake haikufika hata nusu ya bei ya redio ile. Mkutano wa ukoo ulivunjwa. Kumwendea shangazi yake kuomba msamaha kulimchukua wiki tatu. Breki hubadilishwa haraka kuliko moyo.

Ndiyo maana nachuchumaa. Nikiweka mafuta ya upako juu ya pikipiki isiyo na breki, kisha ikaanguka, watu hawatasema breki ilikwisha. Watamtafuta wa kulaumiwa, na mara nyingi atakuwa mtu mnyonge.

Utasema, "Pasta, imani yako ni ndogo." Hapana. Shetani alimweka Bwana wetu juu ya kinara cha hekalu akamwambia ajitupe, malaika watamdaka. Yesu alikataa kumjaribu Mungu. Kuteremka Kilungu na abiria, bila breki, ukisema damu ya Yesu itakufunika, ni kujitupa kutoka kinarani. Tena soma Kutoka 21:29. Ng'ombe aliyezoea kupiga watu pembe, mwenyewe ameonywa na hakumfunga, akiua mtu, mwenye ng'ombe anahesabiwa hatia. Leo wewe umeonywa.

Basi wiki hii, kabla ya Jumapili, fanya haya:

1. Kanyaga breki na ubane ya mbele. Zote mbili zishike.
2. Bonyeza cheni katikati. Isicheze sana hadi iruke, isikazwe hadi ilie.
3. Pima oili. Usiweke ile nyeusi iliyomwagwa kutoka pikipiki nyingine.
4. Kama filta ni ya sponji, ioshe, ikauke, itie oili kidogo, irudishe.
5. Rudisha vioo, rudisha kifuniko cha ekzosi, weka fyuzi ya kweli.
6. Nunua helmeti ya pili. Sheria ya Trafiki inakuruhusu abiria mmoja, naye ana kichwa kama wewe.

Ukimaliza, ilete. Nitaiombea kwa furaha na kwa sauti kubwa.

Na kama kuna mtu umekuwa ukimshuku kwa sababu ya ajali yako, nenda kamwone kabla hujaja kwangu.

TUOMBE: Baba, asante kwa mikono uliyotupa na kwa akili ya kutengeneza. Utupe macho ya kuona kilicholegea kabla hakijaua. Walinde walio barabarani usiku huu kutoka Kibwezi hadi Kitui, kutoka Mwingi hadi Mtito Andei. Walinde wajane wetu na ndimi zetu. Katika jina la Yesu, Amina.

Mtumie mtu mmoja mwenye pikipiki ujumbe huu. Kisha umuulize, "Breki je?"