Kitambi cha mjomba na programu ya kwenye simu

Bumu halijaingia, kwa hiyo sitoki, nimebaki hosteli naandika.

Wiki hii kichwa kizima kipo kwa mjomba wangu kule Kidodi. Ni mtu wa ofisini, kutwa kwenye kiti, jioni bodaboda mpaka mlangoni. Sisi Wavidunda tukihamia bondeni miguu tunaiacha mlimani. Ndugu zetu wa juu wanashuka gulioni na kupanda tena na mzigo, kitambi watakitoa wapi? Sasa mjomba kapimwa, presha iko juu, sukari inanyemelea, kaambiwa apunguze kilo.

Akapakua programu ya simu ya kuandika kila anachokula. Wiki ya tatu kaacha. Anasema ile kitu inajua mkate na jibini, ukiiandikia ugali na mlenda inaduwaa, halafu hata asipoandika hakuna anayemuuliza.

Hapo kwenye kuulizwa ndipo penyewe. Mwaka 1999 Marekani walichukua wafanyakazi 91 wa hospitali wenye uzito uliozidi. Kundi moja likapewa somo la mwanzo na tovuti ya kujisomea. La pili likaongezewa masomo ya kila wiki kwa barua pepe, na mtaalamu wa kusoma kumbukumbu zao za chakula na kumjibu kila mmoja. Miezi sita baadaye la kwanza lilipungua wastani wa kilo 1.6, la pili 4.1. Utafiti mwingine uliotoka 2003, wa watu 92 waliokuwa hatarini kupata kisukari, uliwapa wote programu ileile ya intaneti, tofauti ikawa mshauri tu. Baada ya mwaka, kilo 2.0 kwa 4.4.

Sie wa ualimu hatushangai. Daftari lisilosahihishwa mtoto anaacha kuliandika, mbona iko wazi!

Ila kwetu kuna jambo ambalo programu hailijui kabisa. Mtu akipungua anaulizwa, "Vipi, unaumwa?" Tena kwa sauti ya chini, mnajua wanawaza nini. Kitambi ndiyo heshima, mwembamba ana matatizo. Mjomba alipopungua kidogo tu, wenzake ofisini wakaanza kumtazama kwa huruma. Simu itamsaidiaje hapo? Anatakiwa mtu, hasa wa palepale kazini, nesi au hata mfanyakazi mwenzake anayepungua naye. Waajiri wanaweza kabisa kulipanga hili, mizani moja na mtu mmoja wa kufuatilia.

Kwa sasa mtu mwenyewe ni mimi. Kairudia programu, mlenda anauandika kama mboga za majani basi, na kila Jumapili ananitumia kilo zake kwa meseji, namjibu. Juzi kashuka kilo moja na nusu, jioni anarudi kwa miguu. Nikamuuliza, "Shikamoo mjomba, na soda je?"

Kimya. Halafu akasema mtandao unasumbua.