Nani Aliyetuchagulia?

Juzi, nikiwa na wanafunzi wangu katika chumba cha kompyuta hapa Unguja, nilimwuliza mmoja wao: "Mwanangu, hiyo injini ya kutafutia kakuchagulia nani?" Akacheka kidogo. "Mwalimu, hii si ya kuchagua. Ndiyo iliyokuja na kompyuta."

Jibu lile lilinisumbua njia nzima nilipokuwa nikirejea nyumbani Mji Mkongwe, kwani chaguo hilo lilifanywa na watu, tena kwa fedha. Mwaka 2014 Mozilla, wenye kivinjari cha Firefox, waliacha kuwa na injini moja kwa dunia nzima: Marekani ikawekewa Yahoo, Urusi Yandex, China Baidu. Katika kesi iliyoamuliwa Washington Agosti 2024, ilibainika kwamba Google ililipa zaidi ya dola bilioni 26 kwa mwaka 2021 pekee ili iwe chaguo la mwanzo katika vivinjari na simu. Hakimu Amit Mehta akaamua kwamba ilikuwa imelinda ukiritimba wake kinyume cha sheria. Umoja wa Ulaya nao umezilazimisha kampuni kubwa kumwekea mtumiaji orodha achague mwenyewe. Orodha hiyo haikutungwa kwa ajili yetu.

Wazanzibari tunalijua jambo hili kwa upande wa pili. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa uliteua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Sisi wa mjini tulinufaika. Watoto wa Mombasa, na hata ndugu zetu wa Makunduchi na Tumbatu, wakajikuta skuli wakisahihishwa lugha ya mama zao. Leo wengi wetu hatuulizi tena nani aliteua. Chaguo la mwanzo halimkatazi mtu kitu. Humsahaulisha tu kwamba angeweza kuchagua.

Nilimwonesha mwanafunzi wangu ukurasa wa mipangilio. Akabadilisha, akajaribu, kisha akairudisha ile ya mwanzo. Sikumlaumu, maana safari hii ameichagua yeye.

Nanyi ndugu zangu watumishi wa umma, mnaponunua kompyuta za skuli na ofisi kwa fedha za wananchi, ulizeni: ndani yake mmechaguliwa nini, na aliyechagua alilipwa na nani?