Linux inasema 1.8, prosesa inafanya 0.6

Nimepotea kidogo, nilikuwa na kazi Elburgon. Leo nawapa kisa cha aibu, lakini kitamfaa yeyote anayetumia Raspberry Pi nje ya meza yake.

Chama kimoja kidogo cha ushirika wa maziwa kilinipa kazi. Mizani yao inaonyesha tarakimu lakini haina mahali pa kuchomeka waya wa kompyuta. Kwa hivyo niliweka kamera mbele yake, na Raspberry Pi 4 inasoma tarakimu, inaandika kilo na kutoa risiti. Nyumbani Nakuru kila kipimo kilichukua chini ya sekunde mbili. Elburgon kikachukua tano. Foleni ikawa ndefu, na maziwa hayangoji: yakichelewa kuingia kwenye tangi la kupoza yanaharibika, na mkulima anarudi nayo nyumbani. Siku ya tatu karani akarudia daftari lake.

Mimi nikamwambia mwenyekiti, bila hata kusita, kwamba mashine ni dhaifu, wanunue kubwa zaidi. Akasema atalipeleka kwenye mkutano, pesa zikatwe kwa malipo ya wakulima.

Usiku huo sikulala vizuri. Kama mashine ni dhaifu, mbona kwangu ilitosha?

Sasa tuingie kwenye ufundi. Pi 4 ilitoka Juni 2019 ikiwa na kasi ya juu ya gigahezi 1.5. Novemba 2021, pamoja na mfumo wa Bullseye, bodi mpya zaidi za aina hiyo ziliruhusiwa kupanda hadi 1.8, kwa mstari wa arm_boost=1 ndani ya config.txt. Yangu ni mojawapo, na nilikuwa nimeikagua:

cat /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq/scaling_cur_freq
1800000

Nikaridhika. Kosa langu liko hapo. Namba hiyo ni kasi ambayo Linux imeomba, si lazima iwe kasi ambayo prosesa inakwenda nayo. Chini ya Linux kuna programu ya bodi yenyewe, nayo ikiona hatari inapunguza kasi. Hiyo ndiyo ya kuulizwa. Kesho yake nikapanda matatu, nikafika foleni ikiendelea, nikaandika:

vcgencmd measure_clock arm
frequency(48)=600117184

Megahezi 600! Theluthi moja tu. Nikashuku joto, maana bodi hii huanza kujipunguza ikikaribia nyuzi 80. Lakini Elburgon ni baridi, na measure_temp ikasema 52. Nikauliza tena:

vcgencmd get_throttled
throttled=0x50005

Ile 5 ya mwisho inamaanisha stima iko chini sasa hivi na kasi imepunguzwa. Ile 5 ya mbele inasema mambo hayo yametokea tangu mashine iwashwe. Bodi hulalamika volti zikishuka chini ya 4.63 hivi.

Na waya aliuweka nani? Mimi. Soketi iko mbali na mizani, nikatumia chaja ya simu na waya mrefu mwembamba. Waya wenye ukinzani wa robo ya omu ukipitisha ampea 2 unakula nusu volti, kwa hivyo 5 inabaki 4.5. Mashine ikitulia hutaona kitu. Kamera na hesabu zikianza, volti zinaanguka.

Kwa hivyo pima mashine ikiwa kazini, maana ikipumzika 600 ni kawaida. Na uipime pale itakapokaa, kwa chaja na waya wa pale pale.

Nilivuta ekstensheni hadi kwenye mizani, nikaweka adapta ya volti 5.1 na ampea 3 yenye waya mfupi, nikawasha upya. Kasi ikapanda hadi 1.8, throttled=0x0, risiti zikatoka chini ya sekunde mbili.

Ikabaki kumwona mwenyekiti.

"Mzee, mashine haina shida. Shida ni waya niliouweka mimi."

Akanyamaza kidogo. "Kwa hivyo tungenunua hiyo kubwa, ungeiwekea waya huo huo?"

"Ndiyo, mzee."

Akacheka sana. Mimi sikucheka.

Haya, tuonane wakati mwingine.