Nusu Yangu ya Datsun

Watu wakiniona na Datsun 240Z huuliza maswali mawili. La kwanza: "Inakunywa aje?" La pili: "Unauza pesa ngapi?" La kwanza nalijibu bila kufikiri: mjini ni kama kilomita 8 kwa lita, mguu ukiwa na adabu. La pili lilikuwa la kuchekesha tu hadi mwaka huu, mnunuzi mmoja wa ng'ambo alipotuma bei ya kweli, na binamu yangu akaniandikia: "Kaza, nusu ya hiyo gari ni yangu. Tuongee."

Ni kweli. Mjomba alipofariki alituachia sote wawili, mimi mpwa wake na yeye bintiye wa pekee. Mimi ndiye niliyekuwa na mahali pa kuliegesha, basi likaja kukaa kwangu Rongai. Yeye ana kijana anayeingia chuo kikuu Septemba. Kwa hiyo sitasimulia mambo haya kana kwamba upande mmoja una mapenzi na mwingine una tamaa. Karo ni karo.

Kwa wasiolijua, 240Z ndilo gari lililoshinda East African Safari mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, na likashinda tena 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta na Lofty Drews. Ushindi wa 1973 ulikuwa na kisa chake. Mehta alilingana alama na Harry Källström, naye pia akiwa ndani ya Datsun, na mshindi akapatikana kwa kuangalia nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kuanza kupoteza alama. Mjomba hakuwahi kushindana hata na matatu, lakini kisa hicho alikisimulia kama mtu aliyekuwa amekaa kiti cha nyuma. (240Z haina kiti cha nyuma. Ni ya watu wawili. Hakuna aliyethubutu kumkumbusha.)

Alilinunua Mombasa mwaka 1979 kwa mtu aliyekuwa akihama nchi, akaishi nalo Tudor kwa zaidi ya miaka 20. Upepo wa bahari ukafanya kazi yake. Kutu ya gari hili haianzi mahali unapopaona. Huanza chini ya betri, ambako tindikali hudondoka. Huanza kwenye sakafu chini ya zulia, na ndani ya milango, pale vitundu vya kutolea maji vinapozibwa na vumbi. Huanza pia nyuma ya magurudumu ya nyuma, matope yanapojibana na kukaa mwezi mzima yakiwa mabichi. Kila mvua ikiisha nalala chini ya gari, nakwangua matope kwa kijiti, napitisha waya kwenye vitundu vya milango, kisha nagonga sakafu kwa mpini wa bisibisi. Bati zima lina mlio. Bati lililooza hujibu kama katoni. Mara mbili nimelipeleka kwa fundi wa bodi akakata na kuchomelea kipande kipya, na mara zote mbili nilivuta jerikeni nikakaa pale pale mpaka amalize. Mafundi wengi wa bodi ni watu wazuri, ila wana imani kubwa mno na fila.

Fundi wa injini ni mwingine. Yuko karibu na Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, na umri wake umepita miaka 70. Vijana wa gereji za jirani wana kompyuta za kusoma makosa ya gari. Yeye ana kipande cha mpira wa maji, urefu wa mkono. Ncha moja anaiweka sikioni, nyingine mdomoni mwa kabureta. Injini yetu ina silinda sita na kabureta mbili za Hitachi, kila moja ikilisha silinda tatu. Moja ikivuta hewa kuliko mwenzake, gari likisimama linatetemeka kama mtu mwenye malaria. Basi mzee anasikiliza ya mbele, anasikiliza ya nyuma, anazungusha skrubu kidogo sana, anasikiliza tena, mpaka ile sauti ya hewa iwe moja. Kisha ananipa mpira. "Njoo usikie, mwalimu." Mwaka wa kwanza sikusikia tofauti yoyote. Siku hizi naisikia, hata kabla hajanipa.

Kuna mambo mengine nimejifunza nikimshikia tochi. Pointi za distribyuta huachana kama nusu milimita, na ukizipaka grisi kidogo pale zinaposuguana na shafti hazili haraka. Watu wameniambia niziondoe niweke ya elektroniki. Sitaki. Pointi zikikataa Makindu saa mbili usiku, nazipiga msasa nikishika tochi kwa meno, naendelea. Kile kiboksi kikifa, unangoja lori. Valvu nazo hupimwa injini ikiwa imepoa: 0.20 upande wa kuingiza hewa, 0.25 upande wa moshi. Zikigonga kidogo, mzee hana wasiwasi. Zikinyamaza kabisa ndipo anapouliza gari limetoka wapi, maana valvu iliyobanwa sana haifungi sawasawa na hatimaye inaungua.

Halafu kuna suala la mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi. Kabureta iliyopangwa huku, ukishuka nayo pwani, hewa inakuwa nzito na petroli ile ile inakuwa haitoshi. Kwa hiyo tukienda Mombasa nasimama Mtito Andei, nateremsha kidogo ile nati iliyo chini ya kila kabureta, kisha nainunua chai. Siku ya kurudi nazipandisha hapo hapo. Ukitaka kuhakikisha, fungua plagi utazame rangi. Ikiwa nyeusi ya masizi, petroli imezidi. Ikiwa nyeupe, imepungua na injini inachemka moto mbaya. Unayoitaka ni rangi ya chai ya maziwa.

Spea si shida kama watu wanavyodhani. Injini hii ya L24 ni ndugu wa L16 iliyokuwa kwenye Datsun 1600: silinda zina upana ule ule, pistoni zinasafiri urefu ule ule, ila hii imeongezewa silinda mbili. Kwa hiyo vitu vingi vya ndani mtu anaweza kuvikuta kwenye boksi la vumbi la Datsun ambayo hakuna anayeililia. Vioo na mipira ya milango ndiyo humaliza mshahara.

Jamu hailipendi. Likikwama Mlolongo saa saba mchana, petroli huanza kuchemka kwenye mirija iliyo karibu na ekzosti na injini inamisi kisha inazima. Mzee amenibania vibanio vya nguo vya mbao kwenye mrija, na anaviamini kabisa. Mimi naamini kuegesha kando, kufungua boneti na kuvumilia honi.

Lakini Jumapili saa kumi na mbili asubuhi, barabara ya Magadi, nimeshapita Kiserian na barabara inaanza kushuka baada ya Kona Baridi, hapo nakumbuka ni kwa nini. Unakaa chini, karibu na lami. Usukani hauna msaada wowote, kila changarawe inafika viganjani. Gia ya tatu, injini inapanda, na sauti ya silinda sita inaacha kunguruma inaanza kuimba. Wachungaji hugeuka. Ng'ombe hawageuki. Ndani kunanuka petroli na vinili ya zamani, na nikifika nyumbani mke wangu ananijua kwa shati.

Mnunuzi alituma picha za magari yake. Ghala kubwa, taa nyeupe, sakafu inayong'aa kama ya hospitali. Sina shaka angelitunza kwa namna yake. Lakini gari la aina hii likisimama miezi, mipira inakauka, petroli inageuka utomvu ndani ya kabureta, pistoni za breki zinagandana na silinda zake. Linatunzwa kwa kuendeshwa. Kuna jambo jingine nililomwambia binamu kwa simu, nalo ndilo lililonikera zaidi: mzee wa Kirinyaga Road ana kijana mmoja tu anayetaka kujifunza ule mpira wa sikio, na Datsun yetu ndiyo anayojifunzia. Magari mengine yanayoletwa pale hayana kabureta.

Alinyamaza kidogo. "Hiyo ni shida ya fundi," akasema, "mimi niko na ya chuo."

Akaja Jumapili iliyofuata. Hakutaka chai. Alinyoosha mkono, nikampa ufunguo. Babake ndiye aliyemfundisha kuendesha, kwa gari lile lile, kwenye uwanja fulani Tudor, na nilipomwona akivuta choki kwa vidole viwili na kungoja bila kugusa petroli nilijua hajasahau. Alikwenda peke yake. Alirudi baada ya dakika 40, kitambaa cha kichwa kimeteleza mabegani.

"Klachi inashika chini sana," akasema. "Baba angekuua."

Nikamwambia mipira ya silinda ya klachi imeshaagizwa, mafuta yake yalianza kupungua wiki mbili zilizopita. Akazunguka gari, akainama nyuma ya gurudumu la nyuma, akagonga bati kwa pete yake, akasikiliza.

Tukapiga hesabu nyuma ya risiti ya petroli, juu ya boneti. Hatauza, lakini nusu yake anaitaka yote, kwa bei ya mnunuzi, hakuna punguzo la undugu. Nitamlipa kabla ya kila muhula, kwa miaka minne. Na Jumapili moja kila mwezi ufunguo ni wake, tangi likiwa limejaa. Nilijaribu kulipunguza hilo la tangi. Alicheka, akafunga mlango, akaenda kutafuta matatu ya kurudi mjini.

Awamu ya kwanza natoa kwenye sacco. Mdhamini mmoja ametia sahihi, wa pili bado ananiuliza kama nina akili timamu. Kwenye fomu kuna nafasi ya kueleza sababu ya mkopo, nami nimeandika: karo. Mipira ya klachi inafika Jumanne.